Namba Shingoni mwa Koko

Juzi redio ilisema kwamba kile kituo cha angani, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikizunguka juu ya vichwa vyetu, kimezeeka, na kwamba siku moja kitashushwa na kutumbukizwa baharini. Nilikuwa napiga pasi sare za wateja hapa chumbani kwangu Mbarara. Nikajikuta nimesimama tu, pasi ya mkaa imetua juu ya kola ya mtoto wa watu, na harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyonizindua. Mtangazaji alikuwa ameshahamia kwenye habari za mpira. Mimi nilikuwa nawaza juu ya kibati kidogo kilichoachwa ndani ya kituo kile, na juu ya kingine cha namna hiyo, ambacho kwa mikono yangu mwenyewe nilikifunga shingoni mwa bibi yangu.

Sisi bibi tunamwita Koko. Koko wangu alikuwa mama wa baba, Mfuliiru wa milimani juu ya Uvira, Kongo, mwanamke mrefu aliyetembea wima hata baada ya meno kumwisha. Baba hakufika Uganda. Siku tuliyokimbia vita alirudi nyumbani kuchukua godoro, akasema tutangulie, atatukuta njiani. Kwa hiyo tulioingia kambini Nakivale tulikuwa watatu: Mama, Koko na mimi. Tukapewa kiwanja Rubondo, kijiji cha kambi kilicho karibu na ziwa, tukajenga kwa udongo, Mama akalima maharage na mahindi kwenye mteremko chini ya nyumba.

Akili ya Koko ilianza kumtoka kidogo kidogo. Kwanza alisahau majina, kisha akasahau kwamba tulikimbia. Hakusahau kwamba alikuwa na mtoto wa kiume. Kila asubuhi, Mama alipokuwa akimwogesha, Koko alimshika kifundo cha mkono na kumuuliza, "Weye mwanamuke, mwana wangu umemuficha wapi?" Mama alimmwagia maji mgongoni taratibu, akamfuta, akamfunga kitenge, akamlisha uji, kisha akachukua jembe. Wakati mwingine Koko aliutema uji na kupiga kelele kwamba analishwa sumu, na majirani walitoka kusikiliza. Mama aliokota kikombe, akaenda zake shambani. Nilimwona mtu asiyechoka. Kwa mtoto wa miaka tisa, mama ni kama ukuta wa nyumba: huulizi kama ukuta umechoka.

Kazi yangu ilikuwa kumlinda Koko asiondoke. Maana alikuwa na tabia hiyo: anavaa kitenge chake cha Jumapili, cha ndege wa kijani, anafunga kitu chochote ndani ya leso, hata jiwe, na kushika njia. "Naenda nyumbani," alisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Nilimkimbilia, nikamshika mkono, nikamwambia, "Koko, tukule kwanza." Neno hilo lilimgeuza kila mara. Lakini watoto wenzangu walituona. Walicheka, wakatembea nyuma yetu kwa mwendo wake wa wima, na mimi nilimvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, ili tufike nyumbani upesi.

Mwaka ule shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyetoka Mbarara, Madam Katusiime. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, kifupi, cha moja kwa moja, na sisi Wakongo tulikicheka chinichini, lakini tulimpenda kwa sababu alituletea vitu vya kushika. Alileta sumaku, mfupa wa ng'ombe, na siku moja akaleta kibati kidogo chenye tundu na herufi na namba zilizochorwa juu yake.

Alitueleza kwamba kuna watu wazima duniani ambao bado wanacheza kuficha na kutafuta. Mmoja anaficha kopo chini ya jiwe, mwingine anaongozwa na simu yake mpaka alipate. Ndani ya baadhi ya makopo kuna vibati kama hiki. Ukikikuta unakichukua, unakipeleka mbele, na kwenye intaneti unaandika umekitoa wapi na umekiacha wapi. Vingine vimezunguka nchi nyingi. Kimoja, alisema, kilibebwa na mwanaanga mpaka kwenye kituo cha angani, akakiacha huko, yeye akashuka. Hiki cha kwetu alipewa na rafiki yake anayecheza mchezo huo, naye alikiandikisha kwa jina la darasa letu. Kingeanza safari kutoka Rubondo.

"Hii iko na namba yake," Madam alisema, akakiinua juu. "Hakuna ingine dunia mzima iko na namba kama hii. Hata iende wapi, sisi tutajua iko wapi. Mnaelewa?"

Tuliitikia kwamba tunaelewa. Mimi nilielewa hivi: kile cha juu kina macho, na hiki cha chini ndicho kinachoangaliwa. Sikumuuliza mtu. Lilikuwa jambo lililo wazi kabisa. Kwa nini wangeacha kibati peke yake kule juu kama hakina kazi?

"Na kile cha juu," niliuliza, "kinapitaka hapa kwetu?"

"Kinapita kabisa! Jumamosi, jua ikizama tu, kama mawingu haiko. Kuja uwanja wa shule, nitawaonyesha."

Kabla kibati hakijaanza safari, kila mwanafunzi alipewa zamu ya kulala nacho nyumbani. Zamu yangu ikaangukia Jumamosi ile. Nilikipeleka nyumbani ndani ya kiganja kilichofumbwa mpaka kikatoa jasho, na mkono ukanuka chuma.

Siku hiyo Mama alikuwa shambani tangu asubuhi, akipalilia. Koko alikaa mlangoni akichambua majani yasiyokuwepo. Jua lilipoanza kushuka, niliwaona wenzangu wakipita kuelekea shuleni, wakiitana, wakishindana nani atapata nafasi juu ya jiwe kubwa la uwanjani. Nilimtazama Koko. Nikatazama kibati. Wazo lilinijia likiwa kamili, na lilinifurahisha sana, sina budi kusema hivyo: lilinifurahisha. Nilitoa uzi wa kushonea viraka, nikaupitisha kwenye tundu, nikamfunga Koko shingoni.

Alikishika, akakigeuza. "Ni medayi?"

"Ndiyo, Koko. Usiitoe. Sasa fasi yote utaenda, banakuona."

"Nani?"

Nilionyesha juu, kwa wale watakaomwona popote aendapo. Akainamisha kichwa kwa heshima, kwa kuwa alidhani namtaja Mungu. Nikakimbia.

Kituo kilipita kweli. Kilitokea upande jua lilikozamia, nuru moja nyeupe isiyomemeteka, kikapanda bila sauti na kuvuka juu ya ziwa. Watoto walipiga kelele na kupunga mikono. Mimi sikupunga. Nilisimama nimejaa siri yangu, nikiwaza kwamba watu wa kule juu wakati huohuo wanamwangalia Koko wangu mlangoni, na kesho na keshokutwa wataendelea kumwangalia, nami nitaweza kucheza kama watoto wengine.

Niliporudi, Mama alikuwa anapanda kutoka barabarani, si kutoka shambani. Alikuwa anahema. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, "Koko haiko."

Sikuogopa. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Nilimwambia kwa furaha, "Mama, usisumbuke. Niliweka kibati mu shingo yake. Bale ba juu banamuona." Mama alinitazama kwa muda mrefu. Nilingojea kofi, au swali, au nikaripiwe kama siku niliyovunja chungu. Alikwenda kwa jirani, akaazima tochi, akaondoka na wanaume wa kanisa letu.

Jumapili walitafuta mpaka kwenye matete ya ziwa. Mtu mmoja akasema ameona mwanamke mzee akienda upande wa Ngarama, kwa hiyo wengine wakafuata njia ile hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Hawakumkuta. Jumatatu nilifika shuleni mapema, nikamngoja Madam mlangoni. Nilimwomba aangalie kwenye simu Koko yuko wapi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu. "Mapendo," akasema, "hii kitu haina macho. Haina betri. Ni chuma na namba tu. Lazima mtu aikute, asome namba, aandike. Kama hakuna mtu anaandika, hatujui kitu."

"Na ile ya juu?"

"Ile ya juu pia ni chuma tu, mtoto wangu."

Nakumbuka kwamba niliangalia viatu vyake. Vilikuwa na vumbi jekundu pembeni. Niliangalia vumbi lile mpaka kengele ikalia, na tangu dakika hiyo nilijua kwamba nimemuua Koko.

Siku zilizofuata mvua ilinyesha. Kila mvua ilipoanza usiku nilisikia Mama akigeuka kwenye mkeka. Hakunilaumu. Hakunigusa pia. Alipika, akaniwekea chakula, akaondoka kwenda kuuliza kwenye soko la Rwekubo, akarudi. Nilipomsogelea aligeuza uso. Nilijua maana yake, au nilidhani najua: kosa langu ni kubwa mno, halina adhabu inayolitosha, kwa hiyo ameacha kuniangalia. Ningechapwa fimbo ningeshukuru. Nikaanza kufanya kazi zote bila kuagizwa, kuteka maji kisimani, kuosha sufuria, kukunja hata blanketi la Koko. Nilipolikunja, Mama alilichukua mikononi mwangu na kulikunjua tena.

Kisha, siku ya soko, Madam alikuja nyumbani juu ya bodaboda, bila kofia, akipunga simu kabla pikipiki haijasimama. Mtu alikuwa ameandika. Alitusomea akitafsiri, na sauti yake ilikatika katikati: *Nimekikuta Mbarara, shingoni mwa bibi asiyejua jina lake. Yuko hospitali. Kama nyinyi ni watu wake, njooni.*

Baadaye tulijua ilivyokuwa. Koko alitembea jioni ile hadi miguu ikamshinda, akakaa kando ya barabara. Dereva wa lori la matoke alimkuta asubuhi, akamuuliza anaenda wapi, naye akajibu kwa uhakika wote kwamba anaenda nyumbani, ni mbele kidogo tu. Dereva akamshusha sokoni Mbarara. Alilala kwenye baraza za maduka. Mwanamke mmoja muuza nyanya, aliyekuwa akimpa chai, aliona mguu wake umevimba, akampeleka hospitali. Hakuna aliyeelewa Kifuliiru chake. Muuza nyanya ndiye aliyenakili namba ile mkononi kwa kalamu na kwenda kumwonyesha kijana wa duka la fotokopi, akidhani labda ni namba ya simu; kijana akaitafuta kwenye intaneti, na ndiye aliyetuandikia.

Hospitalini harufu ya dawa ya sakafu ilinipiga kabla ya kitu kingine. Koko alikuwa mdogo kitandani. Mguu wake ulikuwa umefungwa hadi gotini, na chini ya bendeji palinuka. Dirisha lilitazama kilima chenye nyumba nyingi, na jioni taa zilipowaka kilimani, uso wake ulitulia.

"Munaona?" alisema. "Uvira. Tumefika."

Mama alikaa kando yake na kumshika mkono. Nilisubiri lile swali la kila asubuhi. Koko alimtazama, akamtazama tena, akasema, "Mwanangu, umekuja." Hakuwahi kumwita hivyo. Mama alitoka nje ya wodi haraka, akasimama kwenye korido na paji la uso likiegemea ukuta. Nilimfuata, nikabaki nyuma yake, sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Koko alitufia siku chache baadaye, mchana, wakati Mama akimlisha uji. Kanisa lilichanga, tukamrudisha Rubondo, tukamzika kwenye mwinuko unaotazama ziwa.

Kwenye mazishi mchungaji alinisimamisha mbele ya watu. Alisema Mungu alitumia mkono wa mtoto. Kwamba bila kibati kile tungemtafuta mpaka leo, na Koko angezikwa na wageni pasipo jina. Watu wakasema amina. Wanawake walinikumbatia mmoja mmoja, wakinilowesha shingo kwa machozi yao. "Mutoto wa akili," walisema, "mutoto mwenye kupenda koko yake." Nami nilisimama pale na gauni langu jeupe, nikijua kwamba sikumfunga kibati kile kwa kumpenda. Nilimfunga ili nipate kwenda zangu. Nilimtafuta Mama kwa macho, nikiogopa kwamba atasema. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

Madam alikuja nyumbani kukichukua kibati, akauliza kama ningependa kuwa mtu wa kukipeleka mahali pa kwanza. Nilikataa. Kilianza safari mikononi mwa mtoto mwingine, na nasikia kilifika Kampala, kisha nchi nyingine yenye theluji. Sikutaka kujua zaidi.

Sifa zile zilinifuata kwa miaka. Kila Krismasi mtu alikumbuka. Mgeni akija, jirani alinionyesha kwa kidole: huyu ndiye. Nilijifunza kutabasamu kidogo na kuinamisha macho, na watu wakasema nina unyenyekevu.

Nilimaliza shule ya msingi, nikapata nafasi ya kujifunza ushonaji Mbarara. Siku moja kabla sijaondoka, Mama na mimi tulikuwa shambani tukivuna maharage. Nilijua kwamba nikiondoka bila kusema, nitalibeba jambo hili mpaka kwenye mji uleule ambako Koko alilala kwenye baraza. Kwa hiyo nikasema. Nilisema nikiwa nimeinama, nikiendelea kung'oa mashina, kwa maana nikimtazama nisingeweza. Nilisema kwamba nilimwacha Koko peke yake kwa makusudi, nikaenda kucheza; kwamba kibati kilikuwa kisingizio; kwamba mchungaji alikosea na wote walikosea, na kwamba Mama peke yake ndiye alijua, ndiyo maana hakuniangalia siku zile.

Mama alisimamisha kazi. Alikaa chini palepale kwenye mashina makavu, akafungua kilemba, akajifuta uso nacho.

"Weye ulikuwa mutoto," akasema.

"Nilikuwa na akili, Mama. Nilijua."

"Nyamaza kwanza." Alikuwa anaangalia njia ile ya chini, inayopita kando ya shamba na kwenda barabarani. "Miye nilimuona."

Sikuelewa.

"Nilimuona Koko akipita. Pale. Na kitenge kyake kya ndege. Alisimama, akaniangalia. Miye na jembe mu mukono, nikamuangalia. Nilijua anaenda. Nikawaza, acha aende kidogo. Kidogo tu, nipumue. Nimalize huu mustari, ndipo nimukimbilie." Mkono wake ulikuwa unachambua ganda tupu. "Nilimaliza mustari, Mapendo. Nikaanza ingine."

Upepo ulipita juu ya maharage makavu. Nilitaka kumwuliza mambo mengi, na linalonitia aibu ni kwamba kitu cha kwanza kilichonijia si huruma, ni nafuu. Nilifurahi. Kwa kitambo kidogo, nikiwa nimesimama mbele ya mama yangu, nilifurahi kwamba si mimi peke yangu.

"Wakati ule hata sikuwaza weye uko wapi," aliendelea. "Wakakusifu kanisani, nikanyamaza. Niliona ni muzuri wakuangalie weye, wasiniangalie miye. Na siku zile nilikuwa nakukimbia sababu nilisema, mutoto huyu akiniangalia mu macho, ataona." Sauti yake ilishuka. "Na ye, kule hospitali, ananiita mwanangu. Angelinitukana. Angelinitukana tu kama siku zote."

Nilikaa karibu naye. Nilimtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe: mishipa ya shingo, mikono iliyopasuka, nywele nyeupe zilizoanzia masikioni ambazo sikuwa nimeziona zikiota. Alikuwa na umri mdogo kuliko nilivyodhani. Siku ile Koko alipopita, alikuwa mwanamke kijana tu, mjane asiyejua kama kweli ni mjane, anayeshtakiwa kila asubuhi, majirani wakisikia, kwamba amemficha mumewe mwenyewe.

Alikuwa ananisubiri. Nilitambua kwamba anasubiri neno kutoka kwangu, kama mimi nilivyosubiri kofi lake. Kumwambia kwamba hakukosea nisingeweza, maana asingeniamini, na mimi pia nisingejiamini.

"Mama," nikasema, "ulikuwa umechoka."

Aliangalia mikono yake, akaangalia njia.

"Nilichoka," akasema. "Eh, mwanangu. Nilichoka mingi."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kama watu wanavyolia msibani, kwa kupaza. Alilia kama mtoto aliyezuia kwa muda mrefu, kwa kwikwi, na kamasi zikamtoka. Nilimwegemeza kwangu. Alikuwa mwepesi. Jirani aliyekuwa anapita njiani alisimama, akauliza kama kuna ubaya wowote, na mimi nikamjibu kwamba hakuna, Mama anapumzika.